Kigandabarafu: majibu kwa wasomaji

Safu iliyopita nilimbuni mnyama nikamwita kigandabarafu. Ana gamba, anaishi Enceladus, mwezi wa sayari ya Zohali, na amening'inia kwenye dari la barafu juu ya bahari yenye giza. Maswali yenu ndiyo haya.

Kwa nini Enceladus?

Kwa sababu bahari ipo kweli. Mwaka 2005 chombo cha angani cha Cassini kiliona mvuke na chembe za barafu zikifoka kutoka ncha ya kusini, na mwaka 2017 ikatangazwa kwamba mna haidrojeni ndani yake. Hapa duniani kuna vijidudu vinavyoishi kwa haidrojeni gizani. Nimemlisha vya namna hiyo.

Ulimtoa wapi?

Ufukweni. Mnawajua wale wenye vigamba vikali wanaoganda kwenye nguzo za gati na matumbo ya majahazi, wanaotukata nyayo maji yakipwa. Wengi huwadhania ndugu wa chaza, kumbe ni ukoo mmoja na kaa na kamba. Okota jiwe lenye hao, litie kwenye beseni la maji ya bahari, kisha utulie. Kilango kitafunguka kileleni, vitachomoza vijiguu vyenye manyoya, vitajikunja kama kiganja kinachochota, virudi ndani. Kichwa kimegandishwa chini kwenye jiwe. Mnyama anajilisha kwa miguu!

Hakuna jua wala pwani. Atajuaje saa ya kula?

Enceladus huizunguka Zohali kwa saa 33 hivi, mara karibu, mara mbali, na hivyo hubanwa na kuachiwa. Ukiwa mbali, mvuke hufoka zaidi. Hayo ndiyo maji kujaa na kupwa ya kigandabarafu.

Anazaaje na hasogei?

Kama wa kwetu. Wengi wao ni huntha, yaani kila mmoja ni dume na jike kwa pamoja, na uume wao hurefuka kupita mwili mara kadhaa hadi umfikie jirani.

Mtoto akikosea mahali pa kuganda?

Amekwisha, na swali hili ndilo lililonikosesha usingizi. Lava wa kwetu, yaani mtoto wao, katika hatua ya mwisho kabla ya kuganda, hali kitu. Anatembeatembea juu ya mwamba akiuonja kwa papasi zake, vile viungo vya kugusia vya kichwani, akitafuta dalili za wakubwa waliotangulia, huku akiba yake ya mafuta ikipungua. Akiridhika anatoa gundi inayokauka ndani ya maji, na hapo ndipo atakapofia. Kwenye dari la barafu mahali pazuri ni pachache zaidi. Kwa hiyo mtoto wa kigandabarafu nimempa papasi mbili, na mwili wote uliobaki ni mafuta.