Kuchoka Ugenini: Je, Ni Kukosa Imani?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi na mke wangu tuko mwaka wa tatu katika utume nchi ya kigeni. Hatupigwi wala hatufungwi. Kinachotumaliza ni mambo madogo: kodi ya nyumba, kufuatilia kibali cha kuishi, lugha isiyoingia kichwani, mchango unaochelewa. Wanaokuja ibadani ni wanne. Mke wangu siku hizi hatoki ndani. Barua zangu kwa kanisa lililotutuma nazijaza shuhuda tu, nisije nikawavunja moyo. Je, kuchoka hivi ni kukosa imani? Na tukirudi, tutakuwa tumemkimbia Mungu kama Yona?

JIBU: Amina, mtumishi wa Mungu. Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kila mara nimesimama kwenye sentensi ile fupi kuhusu mke wako. Nitairudia.

Hayo unayoyaita madogo, Paulo hakuyaona madogo. Katika 2 Wakorintho 11 anataja viboko, mawe na kuvunjikiwa na jahazi, na katika orodha hiyo hiyo anaweka kukesha, njaa, kiu na baridi. Kisha soma 2 Timotheo 4. Anajua kifo kiko mlangoni, katika mstari wa 7 anasema, "Imani nimeilinda." Mistari sita mbele, mtu huyo huyo anaomba aletewe joho aliloliacha Troa kwa Karpo, tena anamhimiza Timotheo afike kabla ya wakati wa baridi. Imani ameilinda, na baridi anaisikia. Kwa hiyo sioni dhambi katika kuchoka kwako. Eliya alipochoka hata akaomba kufa, malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena.

Kuhusu wale wanne: William Carey, mmisionari Mwingereza, alifika India mwaka 1793. Kwa miaka kadhaa alisimamia kiwanda cha nili, rangi ya buluu ya kutia nguo, ili familia yake ipate kula, huku akijifunza Kibengali na kutafsiri Maandiko. Mbengali wa kwanza kubatizwa kwa kazi yake, Krishna Pal, alibatizwa Desemba 1800. Miaka saba ilipita. Wahubiri tunapenda kuishia hapo, na nadhani tunakosea. Mwaka 1794 mtoto wao Peter alifariki, na mama yake, Dorothy, ambaye tangu mwanzo hakutaka safari ile, akaugua akili. Hakupona mpaka alipofariki mwaka 1807, na kazi ikaendelea pembeni yake. Namheshimu sana Carey, lakini uvumilivu wa namna hiyo sikuagizi. Mke anayejifungia ndani ni mgonjwa au yuko njiani kuugua. Mtafutie daktari, hata kama ibada ya wiki hii itaahirishwa. Yeye ndiye jirani yako wa kwanza katika nchi hiyo.

Na kurudi? Yona alikimbia kabla hajaifanya kazi. Mfano wako ni Epafrodito, aliyetumwa na Wafilipi kumhudumia Paulo akaugua karibu na kufa, akawa na shauku ya kwao. Paulo mwenyewe ndiye aliyemrudisha, tena akawaagiza wampokee kwa furaha yote na kumheshimu (Wafilipi 2:25-30). Hivyo mlango wa kurudi si mlango wa aibu. Wala sisemi mrudi. Nasema msiamue peke yenu, usiku, mkiwa na deni la kodi. Anayestahili kuamua pamoja nanyi ni kanisa lililowawekea mikono, nalo haliwezi kuamua kwa barua za shuhuda tupu. Hapo, ndugu yangu, ndipo ninapokulaumu kidogo. Umewanyima nafasi yao. Paulo aliwaandikia Wafilipi hao hao, "mlifanya vema, mliposhiriki nami katika dhiki yangu." Wangeshirikije kama angewaficha?

Basi waandikie wiki hii. Taja kiasi cha deni na tarehe ya mwisho ya kibali. Wataje wale wanne, jinsi kila mmoja alivyofika. Habari za mke wako usiziandike kabla hujamuuliza kama anakubali ziandikwe. Akitaka kuandika mwenyewe, mpe kalamu, nawe ukae kando asimalizie kwa haraka.