Anza na ndege mmoja tu, huyo wa hapo kwenu

Watu wakiniuliza nilianzaje mambo ya kuangalia ndege wanategemea niseme nilienda Ruaha na darubini kubwa, hapana, mi nimeanzia hapa hapa Uyole, Mbeya, nyuma ya jiko kwenye migomba. Na ushauri wangu kwa anayetaka kuanza ni huo huo, chagua ndege mmoja anayekuja kwenu kila siku, mfuatilie mpaka umjue, wengine watakuja wenyewe.

Wa kwangu ni chozi, yule mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda kama mundu anayefata asali kwenye ua la mgomba. Kivulini unaona mweusi tii, alafu akigeuka juani anawaka kijani na zambarau, yaani ndege yule yule, muda ule ule! Ile rangi inatokana na unyoya ulivyoumbwa unavyorudisha mwanga, so usikimbilie kuandika "mweusi", subiri ageuke. Jike lake limefifia tu, wengi wanadhani ni ndege mwingine kabisa. Basi nikaanza kujiuliza mbona yule wa kwenye mshubiri ana mkia mrefu na huyu hana, na hapo ndo nikanasa jumla.

Kama kwenu hakuna chozi tafuta mti wenye viota vya mnana. Dume anachana majani anasuka kiota, akimaliza ananing'inia chini yake anapigapiga mabawa kumuita jike, jike anaingia kukagua, na kiota kikikauka bila kupata jike dume anakibomoa mwenyewe anaanza kingine. Unaweza kukaa hapo asubuhi nzima chai ikapoa.

Darubini isikucheleweshe. Hela ikipatikana tafuta ya 8x42 (inakuza mara 8, kioo cha mbele milimita 42), zinazokuza zaidi ya hapo zinatetemeka sana mkononi. Kwa sasa daftari na peni vinatosha, andika saa, mdomo ukoje, anakula nini, analiaje. Kuna programu ya bure inaitwa Merlin, ya chuo cha Cornell cha Marekani, ni nzuri, ila andika kwanza ulichoona ndo ufungue simu maana ukishapewa jina macho yanaacha kutafuta.

Na waulize wazee na wawindaji jamani. Yule kwale wa Udzungwa, huko milima ya Iringa, wanasayansi walimjua mwaka 1991 baada ya kuona miguu ya ajabu kwenye sufuria ya mboga kambini, yaani wapishi walikua wanamla na vitabuni hayupo! Mi nikipita kijijini naulizia majina ya Kisafwa na Kinyakyusa, na wanakuambia mpaka anataga wapi.

Kitulo, huku Nyanda za Juu Kusini, nenda baadae, macho yakishazoea. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005 na wengi wanaendea maua, ila wewe msimu wa mvua angalia chini chini juu ya majani, kuna mbayuwayu wa bluu anayekuja kuzaliana pale, mvua zikiisha anaondoka kwenda pande za Uganda na Ziwa Victoria. Vaa gambuti na koti zito, na fika alfajiri kabla ukungu haujarudi.