Ini limetupwa, ilhali kondoo alikuwa mnene: mwombe mkaguzi akuonyeshe

Mkuu, umeuliza kwa nini wanakondoo wako watano kati ya wanane wametupiwa maini machinjioni, na nyama yote ya mmoja ikafukiwa, wakati walitoka zizini wanarukaruka. Halafu unaulizia dawa. Mimi nafuga huku Nzega, mkoani Tabora, jirani na mbuga za mpunga, na jambo hilo limenikuta. Kabla hujaenda duka la dawa, nakuomba urudi kwa mkaguzi wa nyama umuulize: ndani ya yale maini kulikuwa na nini?

Wangu walikuwa kumi na wanne. Tulikubaliana na mchinjaji anilipe nyama ikishapigwa muhuri. Asubuhi akanipigia: maini tisa hayafai, na kondoo mmoja hafai mzima. Nikapanda bodaboda nimefura, nimeshaamini nimechezewa. Mkaguzi hakubishana. Alisema, "Baba, sogea uone."

Akaweka ini moja mezani. Kingo zake, ambazo kwa kondoo mzima huwa kali, zilikuwa butu, na mirija ya nyongo imetokeza juu minene kama kamba nyeupe. Akaukata mrija mmoja, akauminya kwa kidole gumba. Ukatoka uchafu mzito wa kahawia, na ndani yake minyoo bapa kama majani madogo yaliyolowa, mingine mirefu kuliko kidole changu cha mwisho. Nilihesabu saba kwenye mkato ule mmoja, nikaacha kuhesabu.

Yule wangu aliyekataliwa mzima nilimkumbuka vizuri. Alikuwa na uvimbe laini chini ya taya, nikadhani amegongwa na mwenzake. Nilipomkuta ananing'inia, mafuta ya figo yalikuwa yamegeuka kama kamasi na nyama inachuruzika maji, wakati wenzake walishakauka. Damu ikinyonywa muda mrefu, maji yanahamia kwenye nyama. Minyoo wa tumbo wanaonyonya damu nao huleta hali hiyohiyo, ndiyo maana uvimbe wa taya peke yake haukuambii ni mnyoo gani. Funua kope la chini: likiwa jeupe badala ya jekundu, damu imekwisha.

Kilichoniuma ni kwamba wiki tatu kabla nilikuwa nimewanywesha wote dawa ya minyoo, albendazoli. Mkaguzi ndiye aliyenifumbua macho. Mnyoo bapa akimezwa pamoja na majani hutoboa utumbo, akaingia ini na kutangatanga humo miezi, akitoboa nyama ya ini, kabla ya kutulia kwenye mirija ya nyongo na kuanza kutaga. Albendazoli humwua aliyekwisha kukomaa. Wale wachanga, ambao ndio wanaochana ini, inawaacha. Triklabendazoli ndiyo inayowafikia na wachanga. Na hata ukiwaua wote leo, kovu halifutiki kwa wiki tatu, ini litatupwa tu. Tena kuna siku za kusubiri kati ya dawa na kisu, zimeandikwa kwenye chupa, na anayezipuuza analisha watu dawa. Mimi sikuwa nimezisoma, na hilo bado linanisumbua.

Sasa uone kwa nini nasema muulize kwanza. Mwaka uliofuata nilitupiwa maini manne, nikajua ni walewale. Hawakuwa wao. Ndani ya mirija mlikuwa na tegu weupe kama utepe, na ini lenyewe karibu zima. Hao hawamdhoofishi kondoo, ila ini hukataliwa kwa sababu hakuna atakayelila. Ningenunua dawa ya minyoo bapa, ningetupa fedha.

La tatu ndilo la kuogopa zaidi. Ukiambiwa yalikuwa malengelenge yenye maji, yaliyojikita kwenye mapafu au ini, tazama mbwa wako. Tegu mdogo sana huishi kwenye utumbo wa mbwa, mayai yake hutoka na kinyesi, kondoo anayala na majani, na lengelenge linakua ndani yake. Mbwa akipewa pafu hilo bichi, mzunguko unaanza upya. Mtu haupati ugonjwa huu kwa kula ini hilo. Anaupata kwa mayai yanayotoka kwa mbwa, mkononi, kwenye maji, kwenye mboga. Watoto wetu wanalala na mbwa uani! Nilikuwa narushia mbwa mapafu kila tukichinja nyumbani. Niliacha siku hiyohiyo. Sasa kuna shimo refu lenye mfuniko, na mbwa wanapewa prazikwanteli, dawa ya tegu.

Kama wako ni minyoo bapa, chanzo ni malisho. Mayai yanahitaji maji, kisha konokono wadogo wa majini, ndipo vijidudu vinaganda kwenye majani ya ukingoni. Mvua zetu za Novemba hadi Aprili zikiisha, juu kunakauka, kondoo wote wanashuka kufuata kijani cha majaruba ya mpunga na mabwawa. Hapo ndipo wanapovimeza. Mbuzi anapona kiasi kwa kuwa anachuma vichakani, kondoo anakwangua chini kabisa. Mimi nimezungushia miba ukingo wa lambo, maji nawachotea kwenye hori, na majaruba nawaachia ng'ombe wakubwa baada ya mabua kukauka kabisa. Nanywesha dawa mara mbili, katikati ya kiangazi na kabla ya mvua, na kipimo nakiweka kwa uzito wa aliye mzito kundini, maana kukisia chini ndiko kunakozoesha minyoo dawa.

Dawa gani uwape waliobaki, nitakujibu ukirudi na mambo mawili: alichokiona mkaguzi, na wanapokunywa maji kuanzia Mei hadi Oktoba. Na kama zizini yupo mwenye uvimbe chini ya taya, mwite bwana mifugo leo.