Unakwenda Unguja likizo? Ulizia kwanza habari za maji

Likizo za Juni na Desemba zikikaribia, ndugu na marafiki wa bara hunipigia simu kwa sababu nimeoa Jambiani. Wanauliza kama Zanzibar kuna wezi, kama papasi, wale vijana wanaowafuata wageni kuwauzia huduma, wanasumbua, kama usiku mtu anaweza kutembea. Ni maswali ya haki na nitayajibu. Lakini katika miaka yote ya kwenda na kurudi ukweni, kinachonitia hofu juu ya wageni si mwizi, ni maji. Wengi wetu tumekulia Dodoma, Morogoro, Iringa. Hatujui kuogelea, na bahari tumeizoea kwenye picha. Kwa hiyo naanza na bahari.

Pwani ya mashariki, yaani Matemwe, Bwejuu, Paje na Jambiani, bahari hupwa mpaka mchanga na majani vinabaki wazi kwa umbali wa kilomita nzima, na mawimbi unayasikia yakivunjika huko mbali kwenye mwamba. Mgeni akiona vile hutamani kutembea mpaka mwisho. Kutembea hakuna ubaya, ilimradi ujue saa ya kurudi. Maji huchukua kama saa sita kujaa na saa sita kupwa, na hayaendi kwa kasi moja: saa za katikati ndipo yanapokimbia. Tena usidhani utayaona yakija kutoka mbele. Hupitia kwenye mikondo, yakajaza kwanza sehemu za chini zilizo nyuma yako, kati yako na ufukwe. Wewe bado umesimama pakavu unapiga picha, kumbe njia yako ya kurudi imeshafika kiunoni.

Niliwahi kushuhudia wanafunzi wa chuo waliofika mbali hivyo. Mama mmoja aliyekuwa akifunga mwani kwenye vijiti vyake alinyanyuka, akakaza kanga kiunoni, akapaza sauti: “Wanangu, maji yanajaa! Rudini!” Hawakuona haraka ya nini, maana miguuni mwao maji yalikuwa ya kifundo tu. Akawafuata mwenyewe. Aliwazungusha upande wa kaskazini, palipoinuka kidogo, na hata huko wale wafupi walivuka wameshikwa mikono, maji yakiwagusa kifua. Ukiwaona kina mama wa mwani wanajitwika magunia kurudi nchi kavu, na wewe geuka.

Shemeji yangu ni mvuvi, na kanuni yake ni kutazama mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Siku hizo Unguja maji hupwa kabisa asubuhi kwenye saa nne hivi, yakajaa saa kumi alasiri. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti inakuwa ndogo. Kila siku saa husogea mbele kwa karibu dakika 50. Huna haja ya kukariri. Muulize asubuhi mtu yeyote wa kijijini, “Leo maji yanajaa saa ngapi?” Atakujibu bila kutazama saa. Kwenye ule mkahawa uliojengwa juu ya jiwe baharini, Michamvi Pingwe, watu huenda kula kwa miguu na kurudishwa kwa mashua. Kijana wako akitaka kuelewa bamvua, mpeleke pale.

Ukitembea kwenye maji yaliyopwa vaa viatu. Kuna wale viumbe weusi wenye miiba mirefu, na mwiba wao hukatikia ndani ya nyayo. Wenyeji hupaka utomvu wa papai bichi. Maumivu yakiwa makali kupita kiasi na mguu unavimba, huenda umekanyaga samaki mwenye sumu anayefanana na jiwe. Tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia na uwahishwe hospitali.

Nungwi na Kendwa bahari haiendi mbali, unaweza kuogelea mchana kutwa. Hapo ndipo asiyejua kuogelea hujisahau, maana kina kinaongezeka haraka na kwenye rasi mkondo una nguvu. Fukwe nyingi hazina mtu wa kuokoa waogeleaji. Watoto wawe na mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kuwatazama wao tu, simu ameiweka chini.

Sasa boti. Utapelekwa kisiwa cha Mnemba, au Kizimkazi kuona pomboo, au kisiwa cha Changuu kwa kobe. Kabla hujalipa, iombe boti yenyewe uione. Hesabu majaketi ya kujiokolea, uone kama lipo la kumtosha mtoto, kisha livae. Lililofungiwa chini ya benchi halimwokoi mtu. Kuanzia Aprili hadi Septemba unavuma upepo wa kusi, na upande wa kusini mwa kisiwa bahari huchafuka. Nahodha akisema leo hatutoki, mshukuru. Nimeona watu wazima wakimbembeleza nahodha na kumwongezea hela kwa sababu likizo inaisha kesho, na roho iliniuma. Hata kwa meli kubwa, ukikuta watu wanajazwa kupita kiasi, usipande, hata kama tiketi inapotea. MV Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011 ikielekea Pemba, imebeba watu kupita kiasi. MV Skagit ikazama Julai 18, 2012 karibu na kisiwa cha Chumbe, ikitokea Dar es Salaam. Ukweni wapo ambao hawakumpata hata wa kumzika.

Tiketi ya kuvukia nunua dirishani, si kwa kijana anayekudaka nje ya geti la bandari, na uwe na kitambulisho.

Kuhusu papasi: wengi ni vijana wanaotafuta riziki. Salamu, “asante, leo hapana,” endelea na safari. Ukitaka mtembezaji wa Mji Mkongwe, omba kitambulisho chake cha Kamisheni ya Utalii na mkubaliane bei kabla hamjaanza. Ufukweni usiku usitembee peke yako na mkoba na simu kati ya hoteli na hoteli, watu wameporwa. Chukua teksi. Na nyumba za bei poa za mtandaoni zinazotaka utume hela yote kwanza, achana nazo. Mwenye nyumba wa kweli atakubali malipo ya awali kidogo na atakupigia simu ya video akuonyeshe vyumba.

Pikipiki za kukodi usipande bila kofia ngumu, na jioni punguza mwendo barabara za vijijini kwa sababu ya ng’ombe. Ukiingia kijijini jistiri. Wenyeji humchunga zaidi mgeni anayewaheshimu, nimeliona hilo mara nyingi.

La mwisho ni la hospitali. Tangu Oktoba 2024 wageni wa kutoka nje ya nchi hukata bima ya lazima ya dola 44 kabla ya kuingia Zanzibar. Sisi Watanzania hatumo humo, kwa hiyo kabla hujavuka ulizia kadi yako ya bima inapokelewa wapi kisiwani. Hospitali ya Mnazi Mmoja iko mjini, mwendo wa saa nzima au zaidi kutoka Nungwi au Jambiani. Kusini ipo ya Makunduchi, kaskazini ipo ya Kivunge. Namba ya dharura ni 112. Andika pia namba ya dereva mmoja wa hapo hapo kijijini siku ile ile unapofika, maana saa nane za usiku, mtoto akiwa anaumwa, huyo ndiye atakayekufikia kwanza.