Kabla Hujamuuliza Mwanao Anataka Shilingi Ngapi

Kwa takriban miaka miwili, kila aliponipigia kijana wangu anayesoma Kampala, nilipokea simu kwa neno moja: "Ngapi?" Niliuona kuwa ni utani wa baba na mwanawe, kwani mara nyingi alikuwa kweli anahitaji kodi, nauli au pesa za kuchapisha kazi za chuo. Siku moja, nikishusha mizigo ya duka langu hapa Busia, nilimjibu vivyo hivyo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba, nilitaka tu kujua kama goti limepoa." Goti lilikuwa limepoa wiki tatu zilizopita, na hakuna aliyemwambia.

Wengi wetu nchini Uganda tunawalea watoto kwa mikono ya wengine. Tunawapeleka bweni wangali shule ya msingi na kuwaona siku ya kutembelea wanafunzi na wakati wa likizo. Mambo ya mwili na ndoa tunamwachia shangazi, ambaye Waganda humwita ssenga na kumpa jukumu hilo waziwazi. Nidhamu tunawaachia walimu. Sina ugomvi na shangazi, kwa maana yapo ambayo binti hawezi kumweleza baba yake. Hata hivyo, mzazi aliyejibakizia kazi ya kulipa karo peke yake asishangae kijana wa miaka 20 akimwona kama wakala wa pesa za simu.

Ushahidi ninao nyumbani. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, zisifunguliwe kikamilifu hadi Januari 2022, binti yangu mdogo alishinda nami dukani, akipima sukari na kunisimulia visa vya wateja. Hatukuzungumza lolote zito, lakini leo hunieleza mambo yake bila kuulizwa. Kaka yake alikuwa mtahiniwa, akarudi bweni mapema. Huyo ilinibidi nianze naye upya, naye tayari ana ndevu.

Nilianza kwa kuitenga pesa na mazungumzo. Tulikaa tukapiga hesabu ya kodi, chakula na usafiri, tukakubaliana kiasi kitakachotumwa kila tarehe 1. Kikiisha kabla ya mwezi, atajua la kufanya. Simu zilipungua mwanzoni, jambo lililoniumiza, kisha zikarudi taratibu, mara hii zikiwa na habari za mpira na za jirani anayepiga muziki usiku kucha.

Baadaye nilikwenda kumtembelea, na ninawasihi wazazi wenzangu wafanye hivyo, ila waende kama wageni, si kama wakaguzi. Anaishi Kikoni katika chumba kimoja, kile wanachokiita muzigo. Alinikalisha kwenye godoro, yeye akakalia jerikani, akanipakulia kikomando, yaani chapati zilizokatwakatwa na kuchanganywa na maharage. Sufuria ya juzi ilikuwa pembeni bado haijaoshwa. Nilikuwa na hotuba nzima kuhusu sufuria ile, nikaimeza pamoja na maharage.

Usiku umeme ulikatika. Katika giza, ambamo hakuna aliyelazimika kumtazama mwenzake usoni, alinieleza kwamba alikuwa amefeli mitihani miwili na kwamba kozi ile hakuwahi kuipenda. Niliichagua mimi. Katiba ya mwaka 1995 inamruhusu mtu wa miaka 18 kumpigia kura rais, lakini kwangu mtu huyo hakuruhusiwa kujichagulia masomo. Badala ya kumkemea, nilimweleza jambo ambalo hata mama yake alilijua nusu tu: kwamba mimi nilirudia kidato cha nne, na kwamba mwaka ule nilikuwa nikipita njia za vichochoroni ili nisikutane na wenzangu. Aliuliza maswali mengi kuliko aliyowahi kuniuliza maishani. Suala la kozi hatujalimaliza, na sijifanyi kuwa limenifurahisha.

Wapo wazazi wanaotafuta ukaribu kwa kuiga misemo ya vijana na kuwafuata TikTok. Nilijaribu kwa wiki moja; binti yangu aliniomba kwa adabu niache.

Jumapili iliyopita kijana alipiga simu akitaka kujua namna ya kumweleza mwenye nyumba kwamba kodi itachelewa siku nne. Nilimweleza ninavyozungumza na wa kwangu, akashukuru, akauliza hali ya goti, akakata simu bila kuomba nimlipie.