Pombe niliiacha, uongo ukabaki

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini mama watoto bado anakuficha pesa ya unga wakati una miezi mitano hujaonja waragi, ile pombe kali yetu. Nimeona wengi wakimlaumu yeye. Mimi simlaumu, na nitakueleza sababu.

Mimi ni fundi wa malori hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya. Nilikunywa miaka kumi na mmoja. Vipaketi vya waragi vilipopigwa marufuku Uganda 2019 nilidhani nitapumzika, nikahamia chupa ndogo. Mwishowe nikaamua kuacha peke yangu, nyumbani. Siku ya pili mikono ilitetemeka, nikaanguka degedege. Nilikimbizwa hospitali, baadaye nikapelekwa Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili kule Kampala. (Wewe unayesoma hapa na bado unakunywa kila siku, usikate ghafla bila daktari. Mwili uliozoea pombe hivyo unaweza kukufia.)

Nilirudi mzima. Wiki ya tatu mama yangu akanituma sukari. Njiani nikapiga soga na madereva, nikachelewa. Aliponiuliza, nikasema dukani kulikuwa na foleni. Foleni haikuwepo. Sikuwa nimekunywa, sikuwa na cha kuficha, na bado uongo ulinitoka kama jasho. Usiku ule sikulala.

Nikampigia mwenzangu niliyelazwa naye. Yeye alikuwa akifuata zile hatua 12 za AA, umoja wa walevi wanaosaidiana ulioanza Marekani 1935. Hatua ya nne inakutaka ujikague bila woga. Ya tisa, uwarekebishie uliowakosea, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kutawaumiza zaidi. Akaniambia ninunue daftari. Nilipomsomea mstari wa kwanza, "Pombe iliniharibia kazi," akanikatiza: "Futa. Pombe haina mikono. Wewe ulifanya nini?" Nikaandika: Niliuza spana za mzee.

Mzee ndiye aliyenifundisha ufundi. Zilikuwa spana tatu, na namba 19 ilikuwa imechorwa herufi ya jina lake kwa msumari. Nikatafuta vibarua vya kupakua mizigo mpaka nikapata pesa za kununua nyingine, nikampelekea. Nilimwambia niliuza lini, kwa bei gani, na kwamba nilimwacha kijana mwingine afukuzwe kwa wizi wangu. Hapo sauti ilinikatika. Mzee hakunijibu. Alichukua zile spana, akazifuta kwa kitambaa moja moja, akazitundika. Kisha akasema, "Yule kijana yuko Tororo. Ukishaonana naye, njoo kazini."

Nilikwenda Tororo. Yule kijana hakunisamehe, na ni haki yake.

Mzee akanipokea, lakini kila aliponituma spea alihesabu chenji mbele ya watu wote. Miezi minane! Mwanzoni nilikuwa naungua moyo. Nikawaza, nimebadilika, haoni? Halafu nikajiuliza, ataonaje? Kilichobadilika kilikuwa ndani yangu. Yeye alikuwa na mikono yangu tu ya kuitazama, na ni ileile iliyomwibia. Nikaanza kumpa risiti kabla hajanyoosha mkono. Nikakosea kununua, nasema nimekosea, papo hapo, kabla akili haijatafuta mlango wa nyuma. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko kuacha chupa, na mpaka leo naifanya. Wiki jana tu nimerudi dukani kumwambia mwenye duka kwamba nilimdanganya kuhusu bei ya jirani yake.

Kwa hiyo usimwombe mkeo akuamini. Umeacha pombe miezi mitano. Je, umeacha kumdanganya tangu lini? Ukilipwa, mweleze ulichopata chote kabla hajauliza. Ukisema utafika saa kumi na mbili, fika. Akikuficha pesa, mwache afiche, maana watoto lazima wale.

Na ile elfu sitini ya shemeji uliyosema ulikopa ukalewea, anza nayo wiki hii, hata kwa elfu tano tano. Usiitume kwa simu. Mpelekee mwenyewe, mkononi.