Hesabu shilingi zao kabla hujawahukumu

Mdogo wangu unayeanza mwaka wa kwanza wa fasihi, ipo siku utakabidhiwa Dubliners ya James Joyce, mwandishi wa Ireland, hadithi fupi 15 za watu wa jiji la Dublin zilizochapishwa mwaka 1914, uambiwe uandike insha kuhusu kukata tamaa na kunaswa kwa wahusika. Yangu niliijaza maneno mazito: utupu, giza, gereza la nafsi. Mwalimu aliirudisha ikiwa na swali moja la wino mwekundu: "Analipwa ngapi?"

Alikuwa akimuulizia Eveline wa hadithi mojawapo, binti aliyevuka miaka 19, ambaye nilikuwa nimemwita mwoga. Anakaa dirishani jioni, mapazia yananuka vumbi. Mchumba wake Frank, baharia, ameshapanga safari ya meli waende Buenos Aires, Argentina. Wanafika bandarini, anang'ang'ania chuma za uzio, haendi. Mlango si uko wazi? Mbona hatoki?

Nilirudi kitabuni. Analipwa shilingi 7 za Kiingereza za enzi hizo, na zote anazitoa nyumbani. Jumamosi usiku inambidi amwangukie baba yake ampe za matumizi. Baba anamwambia hana akili, mtapanyaji, kisha akishampa anamuuliza kama ana mpango wowote wa kununua chakula cha Jumapili. Hapo Eveline anakimbilia sokoni, pochi ya ngozi nyeusi kaikamata barabara, akipenya kwenye umati. Kuna watoto wawili wadogo, si wa kuwazaa, walioachwa mikononi mwake awalishe na kuwapeleka shule. Kaka mmoja amekufa, mwingine kazi inamzungusha mikoani. Tena alimwahidi mama yake, kabla hajafa, kwamba ataishikilia nyumba kadiri atakavyoweza. Ukishayasoma hayo polepole, neno "mwoga" linakwama kooni. Na wapo wahakiki wanaomshuku hata Frank mwenyewe, kwa kuwa meli za gati lile zilikuwa zikivuka kwenda Liverpool, Uingereza, si Argentina. Sikulazimishi uwaamini, ila jiulize kama njia ya kutokea nayo si tundu jingine.

Kwa hiyo ukisoma, weka penseli mkononi na uzungushie duara kila fedha inayotajwa. Joyce alikuwa bahili wa maelezo; hatakwambia "alikata tamaa", atakwambia bei. Little Chandler wa hadithi nyingine, karani anayejiona mshairi, anarudi nyumbani baada ya kunywa na rafiki yake aliyefanikiwa London, na kinachomtumbulia macho ni samani ambazo bado anazilipia kidogo kidogo, pamoja na picha ya mkewe ndani ya blauzi ambayo bei yake anaikumbuka mpaka senti: shilingi 10 na peni 11. Anajaribu kusoma shairi, mtoto analia, anamfokea mtoto. Hana zaidi ya hapo.

Wahadhiri wengi watakusisitizia neno kupooza, na wana haki: liko ukurasa wa kwanza kabisa, pale kijana anapotazama kila usiku dirisha la padri anayekufa kwa kiharusi na kulitamka polepole. Sisi hapa tuna bahati kidogo kuliko wanaosoma kwa Kiingereza. Kwetu mkono hupooza, na soko nalo hupooza. Dublin ya miaka ile, chini ya Waingereza, ilikuwa imepooza kwa maana zote mbili, wala usichague moja.

Jambo la mwisho ni majina, nalo nililichelewa mno. Soma hadithi ya Farrington, karani wa kunakili hati kwa mkono katika ofisi ya mawakili. Akiwa ofisini, msimulizi anamwita "yule mtu" tu. Anapoingia baa, mfuko una kitu, ndipo anapata jina. Kitu chenyewe ni cha saa aliyoiweka rehani: walimpa shilingi 5, akakomaa mpaka 6. Kwa shilingi hizo anajinunulia jioni moja ya kuwa Farrington. Anawanywesha wenzake, anarudia mara kadhaa jibu la ujeuri alilompa bosi wake, kisha anashindwa mieleka ya mikono na kijana wa sarakasi. Anaelekea nyumbani na peni 2, hata kulewa hajalewa, amekuwa tena "yule mtu".

Nyumbani mke yuko kanisani na moto jikoni umezimika. Bosi alimdhalilisha mchana na hakuwa na wa kumrudishia, sasa anaye. Anachukua bakora. Mwanawe Tom anapiga magoti, anaahidi kumsalia Salamu Maria asipompiga, na hadithi inakatikia hapo hapo katikati ya kilio.

Katika insha yangu ile ya kurasa sita kuhusu unyonge wa Farrington, Tom sikumtaja hata mara moja.